Mpimeni Mama Damu, Acheni Kusema Ni Uzee

Wapenzi wasomaji wetu wa visiwani, na nyinyi dada zetu mlioolewa bara. Leo sina mtandio wala pambo la harusi la kuwaonesha. Leo nataka tuzozane kidogo kuhusu mama zetu na mama wakwe zetu.

Kuna neno linanikera: "Usimtafutie mzee maradhi." Utalisikia Unguja na Pemba, na mlioolewa Arusha mnalisikia vilevile, kuanzia Ngarenaro hadi Tengeru na Usa River, chini ya Mlima Meru. Binti akisema mama apelekwe kupimwa sukari, shangazi anadakia: ana miaka sabini huyo, mwacheni apumzike. Akichoka, ni uzee. Macho yakiingia ukungu, ni uzee. Kidonda cha mguu kikikataa kupona, ni uzee, au kuna mtu kamtupia jicho.

Hiyo si heshima kwa mzee. Ni uvivu wetu, tumeuvisha kanzu.

Mnasema mtangojea dalili. Basi jueni kwamba mtu mzima hadai maji kama kijana, kwa sababu kiu hupungua na umri. Figo zake nazo huchelewa kuitoa sukari kwenye mkojo, kwa hiyo haendi chooni mara kwa mara. Zile dalili mbili tunazozijua sote, kiu na mkojo mwingi, ndizo zinazoweza kukosekana kwa mama yako, huku sukari inakula macho, figo na miguu yake kimya kimya. Damu ndiyo inayosema mapema.

Walioko Arusha wana hoja yao nyengine. Mzee wetu ni mwembamba, amelima migomba miaka yote, chakula chake mtori na loshoro. Kisukari ni cha matajiri wa mjini. Kuna wakati maneno hayo yalikaribia ukweli. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake walichapisha utafiti wa vijiji 6 vya Tanzania, wakakuta kisukari kwa karibu mtu 1 tu katika kila 100. Lakini uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, wa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu 9 katika kila 100. Na tazameni hapo: uliishia miaka 64. Mama wa miaka 70 hakuhesabiwa kabisa. Hata wanaohesabu walimwacha apumzike!

Mkoa huo wa Arusha ulitupa somo jengine. Mwaka 2011 watu kutoka Afrika Mashariki nzima walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha marehemu mzee Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500, na kisukari kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyosemwa kuwa yanapona. Waislamu walikuwemo, Wakristo walikuwemo, na wengine walifia kwenye foleni. Siwacheki, mgonjwa hutapatapa. Nauliza tu: wangapi walipimwa sukari kabla ya kunywa, na wangapi walirudi kupimwa baada ya miezi mitatu? Anayesema amepona bila kipimo anasema bila ushahidi. Na leo kila anayekuuzia chupa ya "dawa ya sukari" sokoni muulize swali hilohilo.

Dada yangu bi harusi, wewe unajua kwamba ndoa haifungwi bila mashahidi wawili. Basi na hapa tafuta mashahidi wawili.

Shahidi wa kwanza ni sukari ya asubuhi, mama akiwa hajala chochote kwa muda wa saa 8 au zaidi, maji matupu yanaruhusiwa. Ikiwa milimoli 7 kwa lita au zaidi, hicho ni kiwango cha kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo, na wataalamu wengine huanza kuonya tangu 5.6.

Shahidi wa pili ni HbA1c, kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu. Hupima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi siku 120 hivi. Mama anaweza kuacha halua siku mbili kabla ya kliniki akamdanganya shahidi wa kwanza. Huyu wa pili hadanganyiki kwa siku mbili. Asilimia 6.5 na zaidi ni kisukari, na 5.7 hadi 6.4 ni onyo kwa wanaofuata vipimo vya Marekani. Lakini naye ana kasoro: upungufu wa damu na selimundu humpotosha. Ndiyo maana mtu asiye na dalili hahukumiwi kwa kipimo kimoja, hurudiwa.

"Hata tukijua, mzee habadiliki tena." Huo nao ni uongo! Mwaka 2002 Marekani walitoa matokeo ya watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hali ya onyo. Waliopunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliokuwa na miaka 60 na kuendelea walifaidika zaidi: asilimia 71. Wazee ndio waliowashinda vijana.

Na wewe bi harusi una hisa yako. Mama akiwa na kisukari, hatari yako nawe inapanda, hata katika ujauzito. Majibu yake ni habari ya damu yako.

Dini yetu haituzuii. Mtume (SAW) ametuhimiza kutafuta matibabu, na Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Mama atajuaje kama ruhusa hiyo inamhusu, ikiwa hatujui kilichomo ndani ya damu yake?

Tunatoa pesa za mapambo, za singo, za sare za vitenge, za keki inayoliwa siku moja. Katika daftari hilo la harusi ongezeni mstari mmoja: damu ya mama, damu ya mama mkwe. Aliye Arusha aanzie Hospitali ya Mkoa Mount Meru, aliye Unguja aanzie Mnazi Mmoja, aulize vipimo vyote viwili. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya msamaha wa gharama. Nendeni mkaidai, msione haya.

Allah awape mama zetu afya, na atuondolee sisi uvivu wa kuwahudumia. Amin.