Acheni Kuwazodoa Wasomaji wa Riwaya za Mapenzi

Mtangazaji mmoja wa redio hapa Dar, kijana mwenye wafuasi kibao mtandaoni, kaposti picha ya dada mmoja aliyekaa kwenye mwendokasi akisoma riwaya ya mapenzi. Dada wa watu alikuwa amelaza kitabu mapajani, jalada kalificha kwa mkoba, lakini jamaa kachungulia mpaka kaliona. Chini ya picha akaandika eti ndiyo maana mabinti wa siku hizi hawaolewi, vichwa vimejaa hadithi. Watu wakacheka weee.

Sasa, kosa la huyo dada ni lipi?

Jioni ileile mtangazaji alikaa studio kumwaga ubuyu wa mastaa: nani kamwacha nani, nani kaonekana na mchumba wa nani. Hizo nazo si hadithi za mapenzi? Tofauti ni kwamba kwenye ubuyu anayeumia ni mtoto wa mtu. Kwenye riwaya haaibishwi mtu yeyote.

Na mbona wanaume hawachekwi? Wangapi wamekua wakisoma habari za Willy Gamba, yule mpelelezi wa vitabu vya Elvis Musiba anayewamaliza maadui na kutoka mzima? Hakuna aliyeambiwa kwamba kusoma hivyo kutamharibia ndoa. Mwanaume akisoma ya risasi, anapumzisha akili. Mwanamke akisoma ya mapenzi, ana akili nyepesi. Huo ni uonevu tu. Hata wasomi wa fasihi ya Kiswahili wana majina mawili, riwaya dhati na riwaya pendwa, na ile pendwa ndiyo mara nyingi inayowekwa chini. Kana kwamba kupendwa na watu ni kosa!

Wengine wanasema, "Mwisho si unajulikana? Watapendana tu." Sawa. Na harusi za Bongo je? Kila mtu anajua kutakuwa na MC, keki na foleni ya zawadi, na bado watu wanachanga na kukesha. Utamu uko njiani. Riwaya nyepesi iliyoandikwa vizuri inakuweka kwenye hiyo njia mpaka unapitiliza kituo. Unajua watapatana, ila hujui vipi, maana jana tu wamenuniana.

Mfano mzuri ni Pride and Prejudice ya Jane Austen, iliyotoka Uingereza mwaka 1813. Jina la mwandishi halikuwekwa kwenye kitabu. Cha kwanza chake, cha mwaka 1811, kiliandikwa tu kwamba ni cha "bibi mmoja". Kwa hiyo mambo ya kujificha hayakuanzia kwenye mwendokasi.

Ndani yake kuna mabinti watano ambao baba yao akifa, nyumba inakwenda kwa ndugu wa kiume, Bwana Collins. Huyo Collins anamposa binti wa pili, Elizabeth. Anakataliwa waziwazi, lakini haamini. Anaona binti anajishaua tu. Unacheka mpaka mbavu zinauma, halafu unashtuka: hata leo wanaume wa hivyo wamejaa, ukimwambia hapana anasikia ongeza juhudi. Kisha anakuja Darcy, tajiri mwenye nyodo, anayemtamkia Elizabeth mapenzi huku akimkumbusha kwamba familia yake ni ya hadhi ya chini. Naye anapigwa chini! Ila Darcy anaandika barua, Elizabeth anaisoma na kuirudia, na taratibu kila mmoja anaanza kuona kasoro zake mwenyewe. Wapenzi hao hawasimuliwi hata busu moja, na bado moyo unakwenda mbio. Huo ndio ufundi. Hauji kirahisi kwa sababu tu kitabu kinasomeka kirahisi.

Tusidanganyane, uchafu nao upo. Kuna simulizi ambamo tajiri anamzaba binti makofi, na ukurasa unaofuata binti kamzimikia. Kuna zile za WhatsApp zinazokatwa patamu ili utume buku upate sehemu ya 15, ukiipata hakuna kilichotokea. Hizo pondeni mpaka mchoke. Lakini pilau ikiungua kwa jirani, haimaanishi pilau ni chakula kibaya.

Riwaya nzuri ya mapenzi inampa msomaji raha ya kuona watu wawili wakisikilizana mpaka wakaelewana. Binti anayesoma hivyo anajifunza kumtambua Collins kabla hajatoa mahari. Pengine hapo ndipo shida ilipo. Msichana aliyezoea kusoma mazungumzo matamu, yenye akili na heshima, hawezi kubabaishwa na "mambo mrembo" ya saa sita usiku. Wanaosema riwaya zinawafanya mabinti wachague sana, wajiulize kwanza kwa nini wao hawachaguliki.

Dada wa mwendokasi hajajibu kitu. Hana deni la kujibu. Mwenye deni ni aliyepiga picha ya mtu bila ruhusa ili apate kiki. Na kina dada mnaosoma kwa kujificha, toeni hiyo mikoba. Jalada likae juu, lionekane.

Wadau, mnasemaje?