Linasomeka, maana ndiyo ngumu
Ndugu mwandishi, makala tamu, ila hapo uliposema bamba la shaba nyeusi la Botorrita, Hispania, "halisomeki" umenichokoza. Linasomeka! Kinachosumbua ni maana. Wakeltiberi walioliandika, Wakelti wa Hispania ya kale, waliazima herufi za jirani zao Waiberia, na humo alama moja inabeba ta na da kwa pamoja, ka na ga vilevile. Tabu hiyo naijua: babu yangu aliandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na "be" yake ni hiyohiyo kwa pata, bata na mbata. Juma zima nilidhani mzee kanunua bata, kumbe mbata! Mimi nilijinasua kwa kuwa Kiswahili nakijua. Kikeltiberi hakina msemaji. Na wewe mwenzangu hapo juu unayesema lile bamba la Kilatini lililopatikana hapohapo 1979 ndilo tafsiri yake, hapana, hilo ni hukumu ya mwaka 87 KK kuhusu ugomvi wa mfereji wa maji. Lile la Kikeltiberi lililopatikana 1992 ndilo lenye maandishi marefu kuliko yote, lakini karibu lote ni majina ya watu, zaidi ya 200, wake kwa waume.