Fidia ya majeruhi isitegemee mfuko wa mhalifu

Oktoba 23, 2021, bomu lililipuka usiku kwenye kilabu cha nyama ya nguruwe Komamboga, kaskazini mwa Kampala. Mtu mmoja alikufa na wengine watatu walijeruhiwa. Komamboga imo katika tarafa ya Kawempe, tarafa ile ile yenye Kyebando, mtaa wa vyumba vya kupanga, boda boda na vibanda vya chakula. Novemba 16 mwaka huo huo, mabomu mengine yalilipuka katikati ya jiji, karibu na kituo kikuu cha polisi na karibu na Bunge. Kila likitokea jambo kama hilo, maswali huwa mawili: nani amefanya, na nani amekamatwa. Swali la tatu, nani atalipa gharama za majeruhi, huachiwa ndugu zake.

Tena si lazima liwe bomu. Chukua mfano wa mama anayeleta mitumba kutoka Nairobi kupitia Busia, akauza Owino na kulala kwenye chumba cha kupanga Kyebando. Usiku mmoja anapigwa nondo njiani, anaporwa fedha na simu. Anapelekwa Mulago. Ili kesi ianze anatakiwa fomu ya polisi ya majeruhi, ile ambayo Uganda na Tanzania huitwa PF3 na Kenya P3. Daktari anaijaza, polisi wanaiweka kwenye jalada. Baada ya hapo fomu hiyo haimletei hata shilingi moja. Mtaji umekwenda, mkono umevunjika, deni la bidhaa bado linamsubiri Nairobi.

Sheria ya Uganda haikumsahau kabisa. Mahakama ina uwezo wa kumwamuru mtu aliyetiwa hatiani amlipe fidia yule aliyemuumiza. Lakini hesabu masharti yaliyofichwa humo. Kwanza mhalifu ajulikane. Pili akamatwe. Tatu kesi ifike mwisho. Nne awe na mali. Kibaka wa usiku hupita kwenye tundu la sharti la kwanza au la nne. Kwa hiyo haki hiyo imeandikwa, ila anayeifaidi ni yule aliyebahatika kuumizwa na tajiri anayefahamika.

Hata mhalifu akipatikana, muda unatosha kummaliza majeruhi. Julai 11, 2010, watu 76 waliuawa Kampala walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, katika klabu ya raga ya Kyadondo na katika mkahawa wa Kihabeshi Kabalagala. Hukumu ilitolewa Mei 2016, na watano walipewa kifungo cha maisha. Karibu miaka sita ilikuwa imepita. Jeraha halingoji miaka sita, wala ada ya shule ya mtoto aliyefiwa na baba.

Kuna kesi nyingine inayoonyesha njia. Thomas Kwoyelo, kamanda wa zamani wa waasi wa LRA, alikamatwa mwaka 2009 na kutiwa hatiani na Mahakama Kuu ya Uganda Agosti 2024. Oktoba akafungwa miaka 40. Ilipofika zamu ya fidia, mahakama ilikuta mtu asiye na kitu. Desemba mwaka huo ikaamuru serikali ndiyo iwalipe waathiriwa. Mantiki yake ni nyepesi na inafaa kuvuka mipaka ya vita vya kaskazini: serikali ndiyo yenye jukumu la kulinda raia, na ulinzi ukishindwa, mzigo wote hauwezi kuachwa mabegani mwa aliyeumizwa.

Fikra hiyo si ngeni duniani. New Zealand ilitunga sheria ya fidia ya serikali kwa majeruhi wa uhalifu mwaka 1963, na Uingereza ikafuata mwaka 1964. Umoja wa Mataifa ulitoa azimio Novemba 1985 ukizitaka nchi zijitahidi kuwalipa waathiriwa pale mhalifu anaposhindwa. Karibu na hapa, Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa mwaka 2014, yenye bodi na mfuko wake.

Mfano wa Kenya una somo la pili. Kuandika sheria ni kitu kimoja, kutia fedha kwenye mfuko ni kitu kingine. Mfuko usiokuwa na chanzo cha fedha kilichotajwa, wala dirisha ambalo mtu wa kawaida anaweza kulifikia, hubaki jina zuri kwenye karatasi. Uganda ikifuata njia hiyo, ianzie pale wengine walipokwama.

Wapinzani wana hoja mbili za kusikilizwa. Ya kwanza ni kwamba serikali haina fedha. Ni kweli kwamba haiwezi kulipa kila hasara, na hakuna anayeidai ilipe mitumba iliyoporwa. Ianze na kidogo: matibabu ya jeraha, mazishi, na posho ya miezi michache kwa familia iliyompoteza mlishaji. Sehemu ya faini zinazotozwa mahakamani inaweza kutengwa kwa kazi hiyo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: wizi. Wafanyabiashara wanaujua ubaya huu kwa macho yao. Waganda waliouza bidhaa Sudan Kusini kabla ya vita vya Desemba 2013 waliahidiwa fidia, lakini kampuni chache zikatangulia kwenye orodha na wachuuzi wengi wakabaki wakibisha hodi. Dawa ya ubaya huo si kufuta fidia. Dawa ni kuondoa orodha mezani kwa wakubwa. PF3 iliyojazwa na daktari, namba ya jalada la polisi na barua ya mwenyekiti wa LC1 zitoshe kufungua madai. Jibu litolewe kwa siku zilizotajwa kwenye sheria. Fedha zipitie kwenye simu ya majeruhi mwenyewe au moja kwa moja hospitalini. Na kiasi kilicholipwa kila mwezi kibandikwe hadharani.

Linabaki suala la mgeni. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, siku kumi tu kabla ya mabomu ya Kabalagala na Kyadondo, ambayo yaliwaua pia Wahabeshi na wageni wengine. Kifungu chake cha 7 kinaitaka kila nchi mwanachama iwalinde raia wa nchi wenzake wakiwa ndani ya mipaka yake. Ulinzi unaokoma mara damu inapomwagika ni nusu ulinzi. Mfuko wowote utakaoundwa Kampala uwahudumie Mkenya, Mtanzania, Mnyarwanda na Mkongo sawasawa na Mganda, na miji mikuu mingine ifanye vivyo hivyo.

Hilo linawezekana, na madereva wa malori wanalijua. Kwa miaka mingi wamevuka mipaka wakiwa na kadi ya njano ya COMESA. Lori la Mombasa likimgonga mtu Masaka, kadi hiyo inahakikisha aliyegongwa ana pa kudai, bila kuulizwa dereva anatoka wapi. Kanda hii imeweza kumpa dhamana aliyegongwa na lori la mgeni. Haijampa mgeni aliyepigwa nondo akirudi chumbani kwake Kyebando.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vimezoea kupeleka malalamiko ya ushuru na vizuizi vya barabarani kwa wabunge na kwa sekretarieti ya Arusha. Madai haya yaongezwe juu ya orodha hiyo. Ushuru ukizidi, faida hupungua. Mchuuzi akilala Mulago bila wa kumlipia, biashara yenyewe imekwisha, na watoto wanaanza kuuza vyombo vya nyumbani.