Mtoto Asiishie Njiani: Wito kwa Watu wa Naitiri

Wananchi wenzangu, wiki iliyopita hapa sokoni Naitiri nilimkuta kijana akipakia mahindi kwenye lori la broka. Gunia mgongoni, pumba zimemjaa hadi kwenye kope. Nilimjua. Ni yule tuliyemchangia mwaka jana chini ya hema la kukodi, mheshimiwa akiwa meza ya mbele, kina mama wakipiga vigelegele kwa kuwa hakuna mtu mwingine wa boma lao aliyewahi kukanyaga chuo kikuu.

Nikamuuliza, "Si huu ni wakati wa mtihani? Mbona uko huku?"

Akalitua gunia, akapangusa mikono kwenye suruali, akatoa simu. Kioo kilikuwa kimepasuka kona moja, lakini maandishi yalisomeka vizuri. Anadaiwa shilingi 11,300. Kadi ya mtihani haitatolewa hadi amalize deni. "Niliingia ukumbini hivyo hivyo, mwalimu," akaniambia. "Wakanitoa. Wenzangu walikuwa wameshaanza kuandika."

Shilingi 11,300, ndugu zangu! Wiki hiyo hiyo aliyotolewa ukumbini, kijiji chetu hiki hiki kilikuwa kwenye matanga. Tulikodi hema, viti na vipaza sauti, tukachinja ng'ombe wawili, tukalipia basi la kusindikiza mwili kutoka mochari. Kundi la WhatsApp la mchango lilifunguliwa jioni, na kufikia siku ya nne pesa zilikuwa zimepita lengo. Sisemi tusiwazike watu wetu kwa heshima. Nasema kwamba simu zile zile zilizotuma pesa za maiti zilikuwa mifukoni mwetu siku kijana alipotolewa ukumbini, na hakuna aliyemfungulia kundi. Nimekasirika, wala sioni sababu ya kuificha hasira yangu.

Kilichotufikisha hapa kila mtu anakijua. Mfumo mpya wa ufadhili ulioletwa mwaka 2023 uliwapanga watoto wetu katika makundi ambayo wazazi wengi hawakuyaelewa. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka Katiba, kisha Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na mzazi wa Naitiri akabaki hajui alipe nini. Wahadhiri wa vyuo vya umma wakagoma tarehe 17 Septemba 2025, wakidai shilingi bilioni 7.9 zao, hadi tarehe 5 Novemba. Ni siku 49 za wanafunzi kukaa vyumbani, wakila pesa za matumizi bila kufundishwa. Serikali ina lawama yake na nitaifikia. Lakini mkono wetu wenyewe nao umo, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Tazameni kalenda. Sisi hupanda mahindi Machi na Aprili mvua ikishika, tukavuna kuanzia Oktoba hadi Desemba. Chuo hufunguliwa Agosti au Septemba. Maana yake mtoto anaitwa chuoni mahindi yakiwa bado yamesimama shambani na ghala limebaki vumbi la mwaka jana. Mzazi afanye nini? Anamwita broka ayanunue yakiwa hayajakauka, kwa bei anayotaja broka. Au anakodisha ekari moja ya msimu ujao. Wazee waliolipia mashamba haya ya skimu kwa jasho baada ya uhuru walituachia udongo unaozaa, nasi tunaukodisha kipande kwa kipande kila Septemba. Januari muhula wa pili unapobisha hodi, hakuna mahindi wala shamba la kulima. Ndipo watoto wanapoanza kurudi kimyakimya.

Mkopo wa HELB nao tuupigie hesabu bila kudanganyana. Pesa za matumizi katika mfumo huo mpya wa ufadhili ni kati ya shilingi 40,000 na 60,000 kwa mwaka. Gawanya kwa mihula miwili. Anayepata kiwango cha chini ana 20,000 za muhula mzima wa miezi minne. Tuseme amekodi chumba cha shilingi 3,000 kwa mwezi nje ya chuo kwa sababu vitanda vya hosteli vimejaa. Chumba kinakula 12,000. Anabaki na 8,000 za siku 120, yaani shilingi 66 kwa siku. Hiyo ni kabla hajanunua sabuni, bando la kusomea au kalamu. Na hiyo ni pesa ikija kwa wakati! Mara nyingi haiji kwa wakati. Mtoto anakunywa uji asubuhi, analala mchana ili njaa isimsumbue, anaamka jioni kula mlo mmoja. Halafu sisi huku tunauliza mbona alama zake zimeshuka, na tunasema ameharibika.

Njaa hiyo ina ndugu zake. Yupo anayejaribu bahati kwenye michezo ya kamari ya simu akidhani ataigeuza elfu mbili iwe karo, na asubuhi hana hata nauli. Yupo anayekopa kwenye programu za mikopo mpaka jina lake linachafuka kabla hajapata kazi. Yupo binti anayekubali msaada wa mwanamume wa umri wa babake, na sote tunajua msaada huo hulipwa kwa nini. Na yupo anayejifungia chumbani siku tatu bila kupokea simu. Huyo ndiye anayeninyima usingizi.

Kwa sababu hatuwafundishi kusema. Siku ya kuwaaga tunawaambia, "Usituaibishe. Usirudi bila digrii." Mtoto anayaweka moyoni maneno hayo kama amri ya mahakama. Mambo yanapoharibika hawezi kupiga simu nyumbani, maana nyumbani ndiko kwenye aibu. Yule kijana wa lori alikuwa ametolewa ukumbini siku kadhaa kabla babake hajajua. Alikuwa akipigiwa simu Jumapili anajibu, "Niko sawa, baba." Hakuwa sawa! Hadi juzi sheria yetu yenyewe ilikuwa ikimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ni kinyume cha Katiba. Mahakama imeondoa kosa. Sisi bado hatujaondoa aibu vijijini mwetu.

Na msiniambie hatujui kumshika kijana mkono hadi mwisho. Wengi wetu hapa ni Babukusu. Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, kijana akishatahiriwa hatumwachi pale uani na jeraha lake tukaenda kunywa. Ana wa kumpikia, ana wa kumtazama kidonda, ana wa kumfundisha, mpaka Desemba atoke kwa khukhwalukha, sherehe ya kutoka jandoni, akiwa mzima, na bakoki zake, marika wenzake, wanabaki wake hadi kaburini. Kwa nini basi mtoto wa chuo kikuu tumkate na kumwacha?

Wazazi wetu walifanya makubwa kuliko haya. Mwaka 1972, watu wa Magharibi walianzisha chuo cha WECO kule Kakamega kwa harambee. Aliyekuwa mstari wa mbele ni Masinde Muliro, na chuo kilichokua kutoka kwa WECO leo kina jina lake. Hawakuwa na M-Pesa. Walitoa kuku, walitoa mahindi, walitoa noti zilizokunjwa ndani ya leso. Bungoma leo ina chuo kikuu chake, Kibabii, kilichopewa hati mwaka 2015. Majengo tunayo. Tunachokosa ni watu wa kumsimamia mtoto akiwa ndani ya majengo hayo.

Sasa sikilizeni ninachoomba.

La kwanza, tuwajue. Hakuna mtu Naitiri anayeweza leo kukuambia ni wangapi kutoka hapa wako vyuo vikuu, wako mwaka wa ngapi, na nani kati yao ana deni. Tunajua idadi ya magunia ya mbolea ya ruzuku iliyoletwa, lakini hatuna daftari la watoto wetu. Chifu na wazee wa mtaa walifungue daftari hilo katika baraza, kijiji baada ya kijiji, wakiwa na mzazi mmoja na mwanafunzi mmoja wa kulilinda. Liandikwe jina, chuo, kozi, mwaka, na namba ya simu. Lisisomwe hadharani. Madeni ya mtu si habari ya soko.

La pili ni mahindi, na hili nalishikilia kwa mikono miwili. Msimu wa mavuno, kila boma litoe gorogoro mbili. Mbili tu. Gunia la kilo 90 linahitaji gorogoro kama 40. Maboma 500 yakitoa, tumepata magunia 25. Tusiyauze Desemba broka anapotukalia kooni. Tuyakaushe vizuri, tuyahifadhi katika ghala la kanisa au la chama cha ushirika, tuyauze Mei au Juni wakati watu wanatafuta unga. Tuseme gunia litoke kwa shilingi 3,500. Hizo ni shilingi 87,500 kabla ya Septemba, bila hema, bila mheshimiwa, bila hotuba. Pesa hizo zingewaokoa vijana saba wenye deni kama la yule wa lori, na chenji ingebaki. Zilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na risiti ibandikwe mlangoni mwa ghala, jina la mtoto likiwa limefunikwa.

Makanisa yetu, Friends, Katoliki, Pentekoste na mengine yote, tengeni Jumapili moja ya kila muhula. Najua kila Jumapili ina mchango wake. Hii nayo iwe ya watoto.

Mliosoma mkapata kazi Kitale, Eldoret, Nairobi au ng'ambo, nawaomba kitu kingine kabisa. Siwaombi pesa kwanza. Kila mmoja wenu achukue mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza na ampigie simu kila baada ya wiki mbili. Msimuulize alama. Muulizeni amekula nini leo, analala wapi, ana rafiki gani. Mtoto akinyamaza, mpigieni mwenzake. Mkisikia anasema hana haja ya kuishi, msimwombee kwa simu mkakata. Kaeni naye kwenye laini, mtafuteni mtu wa karibu amfikie, na mpeni namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, ambayo ni ya bure. Kisha mpigieni mlezi wa wanafunzi wa chuo chake.

Mzazi mwenzangu, mtoto anapojaza fomu za ufadhili, usimwache saibani peke yake ajibu haraka haraka ili alipie dakika chache. Nenda naye. Majibu hayo ndiyo yanayoamua atawekwa kundi gani, na akiwekwa kundi lisilo lake akate rufaa. Jirani akija kukuomba umdhamini mtoto wake kwa mkopo wa HELB, usijifiche nyumba ya nyuma. Na siku ya kumuaga mtoto, badala ya "usituaibishe", mwambie, "Ukikwama, nipigie mimi kwanza."

Wanafunzi wetu, nanyi nina neno kwenu. Pesa zikikatika, usitoroke usiku na begi. Nenda ofisini, andika barua, omba kuahirisha masomo. Aliyeandika barua nafasi yake inamngoja. Aliyetoweka anaweza kuhesabiwa mtoro na kuanza upya, au asianze tena kabisa.

Waheshimiwa, mwakilishi wa wadi na mbunge, pesa za basari si zawadi yenu kwetu. Ni kodi yetu. Hundi inayofika baada ya mtihani haimsaidii mtu aliyetolewa ukumbini. Tunataka basari itolewe kabla ya muhula kufunguliwa na majina yabandikwe ofisini kwa chifu tuyaone. Msipofanya hivyo, mwaka 2027 tutawauliza kwa kura. Na vyuo vyetu, tunawasihi, mtoto mwenye deni la elfu kumi mwacheni aandike mtihani, mzuieni matokeo mkitaka. Deni hulipwa hata baada ya miezi sita. Mwaka uliopotea haurudishwi.

Haya ninayosema hayahitaji Nairobi ituruhusu. Daftari ni shilingi mia moja. Gorogoro ziko majumbani. Simu tunazo. Nimeongea na mzee wa mtaa wetu na ameahidi kuomba nafasi katika baraza la chifu linalokuja. Nawaomba mje. Mje na jina la mtoto wenu, au la mtoto wa jirani anayeona haya kuja. Na wewe uliye na shilingi elfu moja ya kutoa leo, usingoje baraza. Yule kijana bado yuko sokoni anapakia mahindi, na mtihani wa marudio haujafanywa.