Askari na Amtambue Mnyama wa Porini

Tangu siku za kwanza chuoni, askari hufundishwa kumtambua adui kwa sare yake, silaha yake na maficho yake. Elimu hiyo ya macho haina budi kutumika porini pia.

Mashariki ya Mbarara ipo Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyotangazwa mwaka 1983. Kusini yake liko Ziwa Nakivale, ambalo kandokando yake wanaishi maelfu ya wakimbizi. Mnyama hajui mpaka wa hifadhi. Askari wa doria hukutana naye popote. Ripoti isemayo tu kwamba "ameonekana mnyama mkubwa" haimsaidii kamanda wala mwananchi.

Basi na tutazame vema. Swala pala hutembea kwa makundi penye nyasi na miti michache. Dume peke yake ndiye mwenye pembe, na matako yake yana mistari myeusi. Tohe hupenda majani marefu karibu na maji, tena hupiga mluzi ashtukapo. Pongo hujitenga vichakani. Hata asiyeonekana huacha habari zake: unyayo wa fisi huonyesha kucha, wa chui hauonyeshi, kwani chui huzificha atembeapo.

Lakini anayestahili kujulikana kuliko wote ni kiboko. Mchana hulala majini, usiku hutoka kula majani. Njia yake ina michirizi miwili sambamba na tuta katikati, mithili ya njia ya gari. Askari mgeni aweza kudhani ni barabara ya zamani, akapiga hema hapo; naye kiboko arudipo alfajiri hapishi mtu. Alama ya vidole vinne katika tope ndiyo onyo. Aijuaye atahamisha kambi yake, na atawaonya akina mama wanaokwenda kuteka maji gizani. Kamwe mtu asisimame kati ya kiboko na ziwa.

Yafaa ieleweke kwamba bunduki si jawabu la kwanza. Mnyama aliyejeruhiwa, hasa nyati, huwa hatari maradufu, na atakayelipa ni mwanakijiji atakayepita kesho. Wajibu wetu ni kutambua, kuwaondoa raia na kuwaarifu askari wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda: ni mnyama gani, wangapi, wapi, na wanaelekea upande gani.

Ulinzi wa raia huanza kwa macho yanayojua yanachokiona.