Ilani ya Watu wa Mpakani

Ndugu wa Kibondo na Kasulu, ndugu wa Ruyigi na Makamba, ndugu wote mnaovuka mto Malagarasi kabla jua halijachomoza: wakati umewadia. Shirikisho la Afrika Mashariki linalosubiriwa Arusha, huku kwetu limeshaanza, nalo linadai kutambuliwa.

Tunaamini kwamba sisi ni watu wamoja tuliopewa majina mawili. Kwa ng'ombe Muha anasema inka, Mrundi anasema inka. Heru ya Waha ilikuwa na mwami, Burundi ilikuwa na mwami. Mwaka 1919 Mwingereza na Mbelgiji waligawana mali ya Mjerumani; Urundi ikaenda kwa mmoja, Buha kwa mwingine, na mji wa Kigoma ukakaa mikononi mwa Mbelgiji mpaka ulipokabidhiwa 1921. Hakuna bibi yetu hata mmoja aliyeulizwa.

Tunakataa kuitwa pembezoni. Mkoloni alitugeuza ghala la vibarua: babu zetu walipanda treni Kigoma wakaenda kuwa manamba, wakakata mkonge Tanga. Alipoondoka tukabaki na jina la mwisho wa reli. Lakini simama Kasulu uangalie: Bujumbura iko karibu kuliko Tabora. Huo mwisho wa reli ndio kitovu cha nchi tunayoijenga.

Tunaamini katika uhuru usiojifungia ndani. Mwaka 1960 Mwalimu Nyerere alikuwa tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili upatikane pamoja na wa Kenya na Uganda. Tarehe 5 Juni 1963 yeye, Kenyatta na Obote wakatangaza Nairobi kwamba shirikisho lingekuja mwaka uleule. Halikuja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikazaliwa 1967, ikafa 1977, ikafufuliwa kwa mkataba wa 1999, Burundi ikaingia 2007. Shirikisho likaahidiwa kufika 2013, sarafu moja 2024. Hatuombolezi tarehe hizo. Walioanzia juu wamebaki juu. Sisi tunaanzia chini.

Tunaamini kile tunachokiona Mabamba, hapa mpakani, siku ya soko. Mama amekaa juu ya gunia tupu, mbele yake maharage ya rangi mbili. Fundo la kushoto la kitenge chake lina shilingi, la kulia lina faranga, na hakosei chenji. Benki kuu za nchi mbili zimo kiunoni mwake.

Tunakataa mpaka unaomtambua mtu pale tu anapokimbia. Warundi walikuja 1972, wakaja 1993, wakaja 2015. Kambi za wakimbizi za Nduta na Nyarugusu zinajulikana dunia nzima. Anayevuka na godoro kichwani huandikwa jina daftarini. Anayevuka na ndoo ya mawese hufuata njia za panya.

Tunakataa pia shirikisho la kuporana. Mkulima wa Heru Juu anahofia kuporwa migomba yake, na hofu hiyo si ujinga (wanaoicheka, aghalabu, hawana shamba). Hata Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kazi 2010, iliiacha ardhi chini ya sheria za kila nchi. Nasi tutasema wazi zaidi: ardhi ya kijiji ni ya kijiji. Jambo hilo litaandikwa kwenye katiba ya shirikisho, na katiba hiyo itapigiwa kura na Muha na Mrundi siku moja, saa moja.

Tunaamini Bunge la Afrika Mashariki litakuwa letu siku tutakapolichagua wenyewe. Leo wabunge wake huchaguliwa na wabunge wa nchi zao. Kesho wataomba kura kwa yule mama wa maharage, naye atawauliza habari za daraja la kuvukia mpakani.

Basi, ndugu, siku ya soko ijayo njooni Mabamba na kitambulisho chochote mlicho nacho, hata kadi ya kliniki. Wa ng'ambo waje na vyao. Meza ya kujiandikisha itakuwa chini ya mwembe. Jieleze kwa lugha uliyozaliwa nayo, karani ataielewa.