Anayekiomba Kiti Tumuulize, Tusimcheke

Mkutano wa wazazi uliitishwa baada ya sala ya alasiri, katika skuli moja ya huku Kaskazini Unguja ambayo sitaitaja. Wanaume tulikalia madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Akina mama walitandika mikeka kando ya ukuta. Tulikuja kujaza nafasi mbili za kamati ya skuli. Aliyeendesha mkutano akauliza nani anafaa. Kimya. Kisha mama mmoja, mwenye binti darasa la tano, akanyoosha mkono: "Mimi naomba nafasi moja." Nyuma yangu mzee mmoja akasema kwa sauti, "Loo, na huyu naye anataka ukubwa!" Watu wakaangua kicheko. Mama akavuta mtandio wake, akakaa. Haukupita muda tukapata wajumbe wawili, majina yaliyotajwa na wengine, na mmoja wao hata mkutanoni hakuwepo. Tukaomba dua, tukatawanyika.

Kicheko kile ndicho kinachoniandikisha. Kinatoka kwenye imani tuliyolelewa nayo, kwamba mtu mwema haombi cheo, na anayeomba ana lake jambo. Naipinga imani hiyo, na ninaipinga nikiwa mzazi na nikiwa Muislamu.

Wanaoitetea wana hadithi, tena hadithi sahihi. Mtume (S.A.W.) alimuonya Abdurrahman bin Samura asiuombe uongozi, kwani anayepewa kwa kuomba huachiwa mzigo wake, na anayepewa bila kuomba husaidiwa. Sibishani na Mtume, nani mimi? Nabishana na sisi tunaoishia hapo. Nabii Yusuf, katika sura yenye jina lake, alipokuwa mbele ya mfalme wa Misri aliomba mwenyewe akabidhiwe ghala za nchi, na akataja sababu: kwamba anajua kutunza na ana ujuzi wa kazi. Miaka ya njaa ilikuwa inakuja. Maulamaa wameziweka habari hizi mbili pamoja tangu zamani. Wamekemea pupa ya cheo, na wakamruhusu anayeiweza kazi ajitokeze pale haki za watu zinapohofiwa kupotea.

Na kamati ya skuli ina ukubwa gani hasa? Ni kazi ya kujitolea. Ni kufuatilia madawati, maji, uzio, na mtoto ambaye jina lake limekosekana kwenye daftari la mahudhurio wiki ya pili sasa. Kwetu Nungwi hilo la mwisho si dogo. Kijana wa miaka 13 anaamka asubuhi, mbele yake kuna boti za watalii, kuna samaki wanaoshushwa, kuna fedha ya leo leo. Mwalimu anaona kiti kitupu tu. Mjumbe anayewajua watu wa mtaa ndiye anayeweza kupiga hodi kwa mama yake kijana kabla mambo hayajaharibika.

Nendeni pale ufukweni Nungwi, vyombo vinapoundwa. Mtu akija kutaka kuundiwa chombo, fundi hakai kimya akingoja kutajwa na jirani. Husema: naweza, mbao nitatumia hizi, siku zangu ni hizi, malipo yangu haya. Hakuna anayemwambia ana uroho. Mwenye mali huuliza, hupitisha kidole kwenye maungio, hutazama pamba ya kalafati ilivyoshindiliwa. Chombo kikija kuvuja, anajua amgongee nani mlango. Kuomba kwa fundi ndiko kunakomfunga. Amesema naweza mbele za watu.

Wajumbe wetu waliotajwa hawakusema kitu. Hatujui waliahidi nini kwa sababu hawakuahidi. Ukimuuliza mmoja wao kulikoni, jibu ni lile nililolisikia kwa masikio yangu: "Mimi nilitajwa tu." Hapo unamdai nini?

Wapo wanaoomba kwa tamaa, sikatai. Atakayetaka kiti ili tenda ya rangi iende kwa shemeji yake yupo. Lakini huyo hupita vizuri zaidi kwenye kutajwa, maana anayemtaja ni yule shemeji, na hakuna anayeuliza swali.

Kwa mwanamke mambo ni mazito zaidi. Mwanamme akijitaja ataitwa mroho. Mwanamke ataambiwa hana haya. Zanzibar ilipopiga kura ya mwanzo mwaka 1957, wanawake hawakuwemo. Walingoja mpaka 1961. Kicheko cha siku ile ni cha zamani. Na katika mikutano yote niliyohudhuria, mikeka hujaa kabla ya madawati.

Huko Chicago, Marekani, sheria ya 1988 iliipa kila skuli baraza lake, na uchaguzi wa mwanzo ukafanyika 1989. Wazazi walipewa viti 6, watu wa mtaani 2, walimu 2, na mwalimu mkuu. Mzazi anayetaka kiti hujiandikisha mwenyewe, akasimama mbele ya wenzake kujieleza, ndipo kura zikapigwa. Baraza hilo lina sauti hata katika kumchagua mwalimu mkuu. Sisi hatuhitaji kufika huko. Lakini kumpa muombaji dakika tano aseme atafanya nini, na sisi dakika kumi za kumuuliza, hakugharimu hata shilingi.

Tangu Mzee Abeid Karume atangaze elimu bila malipo, tarehe 23 Septemba 1964, tumeizoea skuli kuwa ni ya serikali. Sasa zinajengwa za ghorofa, Unguja na Pemba, na nazifurahia. Ghorofa nayo inataka mtu wa kuuliza bomba limekauka tangu lini.

Siku ile nilimfuata yule mama nje, nikamuuliza, "Dada yangu, ulitaka kutwambia nini?" Akanijibu kwamba choo cha wasichana hakina mlango, limetundikwa gunia, na binti yake hanywi maji tangu asubuhi mpaka arudi nyumbani. Alikwishakwenda kwa seremala kuuliza bei. Akatoa daftari la mtoto kwenye mkoba, akafungua ukurasa wa nyuma, akanionesha alivyoandika kwa kalamu ya risasi: mlango mmoja, bawaba mbili, komeo.